Macho Yangu na Nguzo ya Kushoto

Nilitoka machimboni Geita kwenda Kishapu kununua ng'ombe. Ugonjwa haukuwemo kabisa katika safari hiyo. Mimi Masanja, niliyeishia darasa la nne na leo nina maduara, yaani mashimo, yangu mwenyewe ya dhahabu, sikuwa mtu wa kuumwa. Macho tu ndiyo yalikuwa yametoka nje, makubwa, mekundu. Vijana wangu wa kazi wakasema ni dawa ya mganga, nami sikuwakatalia! Nikimtazama mtu, jiwe aliloficha analirudisha mwenyewe. Mlinzi gani angenifanyia hivyo?

Alfajiri nikapanda basi. Kufika Ushirombo nilikuwa nimemaliza chapati, mayai na mahindi ya kuchoma, na bado njaa. Jasho linanitoka, mikono inatetemeka, suruali imeshikiliwa na mkanda niliotoboa tundu jipya. Nikasema, ndiyo mambo ya mtu mwenye shughuli.

Kahama, wakati wa kushuka, nikampiga kikumbo muuza ndizi aliyesimama kushoto kwangu.

"Baba, huoni?"

Nikamkodolea. Akaokota ndizi zake, akanipisha.

Jioni nikawa Kishapu, uani kwa dada yangu Kabula, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mayu wane, mama yangu! Macho hayo umeyatoa wapi?"

"Watu wanayaogopa haya."

"Mimi nimekufuta kamasi, nitayaogopaje? Kaa, ule michembe ya viazi."

Nikaenda kukaa, nikapiga teke kibuyu cha maziwa kilichokuwa kushoto, mahali peupe. Maziwa yote chini. Dada hakugomba. Akanishika kidevu, akaniinua uso.

"Na hapa shingoni pamevimba. Kesho hospitali. Ng'ombe hawahami."

Kesho yake tulikuwa Shinyanga mjini. Daktari, mama mmoja mpole, alinipapasa koo, akaagiza nitolewe damu, kisha akanipeleka chumba cha macho. Nikabisha.

"Daktari, shingo na macho wapi na wapi?"

"Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, baba, nyama za nyuma ya jicho zinaweza kuvimba. Jicho linasukumwa nje, na presha ndani yake inaweza kupanda. Wengine presha ya macho inawajia bila tatizo lolote la tezi, kwa hiyo wewe siwezi kukuapia kwamba chanzo ni shingo. Lakini mwenye shingo kama yako tunampima vyote viwili."

Damu ilionyesha tezi imezidi, na presha ya macho ilikuwa juu. Upande wa kushoto nilishapoteza kipande cha kuona, kimyakimya, bila hata maumivu.

"Kilichopotea hakirudi," akasema. "Kilichobaki tutakilinda kwa matone, na tezi tutaituliza kwa vidonge. Usiache dawa hata ukijisikia mzima."

Mimi niliyeshuka mashimo ambayo wanaume wenzangu waliyakimbia, nilitokwa na machozi. Dada akanishika mkono mpaka nikatulia.

Nilirudi Geita bila ng'ombe, chupa ya matone mfukoni. Daktari alinifundisha kugeuza kichwa nikitembea. Basi nikageuza pale mdomoni mwa duara, nikaona ajabu. Kila kijana anayeingia zamu anaigonga nguzo ya kushoto kwa bega. Puu! Mwenzake naye, puu!

"Nyie, mna nini na hiyo nguzo?"

Juma, msimamizi wangu, akajikuna kichwa. "Bosi, si wewe unaigonga kila siku? Tukajua ni sharti la dawa. Na sisi tunataka dhahabu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikawaeleza yote, nikajitia matone mbele yao.

"Kwa hiyo hakuna mganga?"

"Yupo. Yuko hospitali, Shinyanga."

Nguzo ile imeng'aa kwa mabega, na hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba naigonga. Nimejifunza: mtu anayeogopwa haambiwi. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na dada Kabula nimempelekea mtamba mwenye mimba, kwa sababu Masanja hasahau.

Macho yameanza kurudi ndani, na hofu ya watu imepungua nayo. Juzi Juma alinishika bega, bila woga, akaniambia, "Bosi, nguzo."

Tangu nianze kuitwa bosi, sijaambiwa neno tamu kama hilo.