Ule Mwaka Guylain Hakubeba Bidon

Virginie akisema kitu, usibishane naye, utachoka bure. Mimi Zabibu, mushonaji wa mutaa huu wa Nguba, nimekuwa jirani yake tangu aolewe hapa akitoka Katana, na sijamushinda hata siku moja. Anauzisha mashu, zile kabichi kubwa. Asubuhi anaenda Kavumu kungojea wakulima, mchana utamusikia anapanda kilima chetu na kifurushi kwa kichwa, anagombeza mawe ya njia. Bwana yake alikufa mapema, akamuachia mutoto mumoja tu, Guylain.

Huyo Guylain alirithi mwili wa babu yake. Akiwa na miaka kumi na tano alikuwa anainama kwa kuingia kwangu, na sharubu zilishaanza. Alikuwa kipa. Kila alipocheza, wamama wa timu ingine walikuwa wanamuuliza kwa heshima yote: papa, watoto umewaacha na nani? Uwanja muzima unacheka, na Virginie anavua kiatu, sherti tumushike.

Basi timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba ikamuita Kinshasa. Kulikuwa michezo ya kufuzu, ya kutafuta nafasi katika kombe la Afrika la vijana. Tulicheza ngoma mpaka vumbi ikapanda. Lakini Grégoire, kocha wake wa hapa, akatueleza jambo: kabla ya kucheza, kila kijana anapimwa kifundo cha mukono kwa mashine. Mashine inaangalia kama mfupa ungali unakua. Ikikataa, kijana anarudi nyumbani, na watu watamuita muongo maisha yake yote.

Virginie alijua vizuri siku aliyomuzaa. Ila alijua pia kama mutoto huyo amebeba mashu na maji tangu akiwa mudogo, na mama mumoja wa sokoni akamuambia kazi nzito inakomaza mifupa, mashine itamuona muzee. Ikaisha hapo. Guylain hatabeba kitu tena, hata kiti.

Mimi nilicheka. Nikamuambia mfupa haukomai kama parachichi. Akaonyesha cherehani yangu kwa kidole.

"Zabibu, kama wewe iko daktari, uza hiyo cherehani."

Na kesho yake nani alikuwa anapanda kilima na bidon ya maji ya Virginie? Mimi, wallahi, na mwili wangu huu munene. Yeye alikuwa na mashu, mimi maji, na muzee Cyprien wa nyumba ya juu, na goti lake bovu, alikuwa analeta makala ya kupikia. Guylain anatufuata nyuma akipiga miluzi, kifundo kimefungwa kitambaa cha sufu, sababu Virginie alisema baridi nayo haifai. "Pole, ma tante," ananiambia. Pole! Wanasema mukono mutupu haulambwi, lakini ule wa Guylain tuliulamba kwa miezi.

Akaenda Kinshasa. Siku ya kupimwa, Virginie hakuuzisha. Alikaa kwa mulango wangu, anachagua maharagi ambayo nilishayachagua mimi. Simu ikaita, ni Grégoire. Alisikiliza, kisha akakaa chini kwenye udongo. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumutuliza.

"Imesema ni mutoto," akasema. "Zabibu, mashine imesema ni mutoto."

Alilia akicheka, machozi kwenye maharagi yangu, na mimi nikapiga vigelegele mpaka Cyprien akashuka bila fimbo yake.

Mchezo wa mwisho tuliuangalia kwa Cyprien, tumebanana, wengine kwa dirisha. Sare ingetosha, na ilikuwa bado bila bao. Dakika za mwisho mpira wa kona ukaingia juu, watu wote wakaruka, na mikono miwili mirefu ikautoa hewani kama inapokea shu kutoka kwa gari. Ilikuwa ile mikono yetu. Tumefuzu! Virginie alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Kisha mutangazaji akamusogelea Guylain, akamuuliza kama hakuogopa ile mashine, na mwili ule. Guylain akacheka na meno yote. Akasema hapana, kocha Grégoire alimueleza mapema kama kubeba vitu hakubadilishi kitu, mashine inaangalia umri tu.

"Lakini mama alikataza nisibebe," akasema mbele ya nchi nzima, "na mimi ninamutii mama."

Cyprien akashika goti lake. Virginie aliangalia televisheni, akavua kiatu, na mimi ninayemujua nikamuonea Guylain huruma.

Siku aliporudi, mutaa wote ulienda kumupokea na filimbi na ngoma. Virginie alibaki nyumbani. Tulimufikisha Guylain mpaka kwa mulango, amevaa nguo za timu ya taifa, anangʼaa. Mama yake akatoka, akamukumbatia sana, akamushika ile mikono miwili, akaibusu mumoja mumoja. Sisi wote tulikuwa tunafuta macho. Halafu akaingia ndani, akarudi na bidon mbili.

"Mashine imesema wewe iko mutoto," akamuambia. "Basi, mutoto wangu, maji iko kule chini."

Guylain akazichukua, akicheka. Alipogeuka akakuta bidon zingine zimepangwa mbele ya nyumba, za Cyprien, na zangu mbele kabisa.