Ruta ya Mkwe Wangu na Jicho la Jirani

Siku simu yangu iliponiambia nje kunaanguka theluji, nilikuwa nimekaa dirishani najipepea kwa kifuniko cha ndoo.

Nikachungulia nje. Jua la kukausha kisima. Kuku wa jirani kalala kivulini, mdomo wazi.

Nikarudi kwenye simu. Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Chini yake tangazo la viatu vya kutembelea kwenye barafu, vina manyoya ndani.

Nikapiga yowe. "Mkwe! Njoo, simu imepata wazimu!"

Mkwe wangu akaja mbio, akasimama mlangoni. Haingii chumbani kwangu mpaka nimkaribishe, ana adabu zake. Kazi yake ni kuandika programu ya ndani ya ruta, ile inayokiambia kisanduku cha mtandao kifanye nini. Kutundika pazia hawezi, lakini ruta inamsikiliza.

"Mama, simu ni nzima. Hiyo ni VPN."

"Ndiyo mdudu gani?"

"Ni kama bomba la siri. Mtandao wetu unaingia kwenye bomba hapa nyumbani, unatokea nchi nyingine, ya baridi. Sasa simu inadhani na wewe uko huko."

"Nimesafirishwa bila kuagwa? Hata begi sijafunga?"

Akacheka, lakini kicheko chembamba. Nikajua kijana ana jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni moja ilikuwa tayari kuichukua programu yake, na yeye afanye kazi akiwa hapa hapa nyumbani. Ila wakampa wiki moja. Ruta ikae kwenye nyumba ya watu, itumike kama kawaida, bomba likiwa wazi. Ijumaa mkaguzi aje. Kila mtandao utakapokatika, aambiwe sababu. Ukikatika bila sababu kujulikana, programu haichukuliwi.

Na isipochukuliwa, mkwe anahamia mji wa mbali kwa kaka yake, kuuza betri za magari. Anamchukua na binti yangu.

Mimi nibaki na nani? Nani mwingine atakubali kufungwa karata kila jioni na asinune?

Nikamwambia, "Niambie nifanye nini."

"Wewe ndiye mjaribu, mama. Tunahitaji mtumiaji wa kawaida."

"Nina wajukuu sita na meno tisa. Ukawaida wangu uko wapi?"

Akanipa daftari na kalamu. "Andika kila kinachotokea. Hata kiwe kidogo namna gani."

Mimi nimesoma darasa la saba tu, lakini mwandiko ninao. Nikaandika.

Sasa kile kisanduku kiliwekwa chumbani kwangu, maana waya wa mtaani unaingilia huko. Mezani, mkabala na mlango. Kiko uchi! Pembe mbili juu, taa zinakonyeza, nyaya zinaning'inia kama utumbo.

Chumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi mbele ya wageni. Redio ina kitambaa. Viti vina vitambaa. Birika lina koti lake.

Basi Jumapili nikashika sindano, nikakifumia nguo. Nyeupe, ua jekundu katikati, matundu mawili ya pembe. Ndani nikatia bitana ya blanketi kuukuu ili ikae vizuri, isilegee. Lakini nguo ya wageni haivaliwi ovyo. Mgeni akija nakivisha, akiondoka nakivua, naikunja.

Jumatatu saa nne asubuhi akaja jirani yangu. Tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Hodi shoga! Ee, na hiki nacho nini? Kinapendeza!"

Akakitolea macho. Tukanywa chai. Kikombe cha kwanza, video yangu ya mapishi inacheza. Cha pili, ikaganda, mpishi kashika mwiko hewani.

Nikasikia mkwe analia chumba cha pili. "Bomba limekatika! Limekatika!"

Akaja kubisha mlangoni. "Mama, taa za ruta zinawaka?"

"Nina mgeni, baba. Subiri."

Akasubiri, masikini. Mkwe ataingiaje chumbani kwa mama mkwe wakati wanawake wamekaa wamevua viatu? Redio akamaliza habari za mtaa mzima, akaondoka. Nikakivua kisanduku nguo. Mkwe alipoingia, taa zinakonyeza kama hakuna kilichotokea.

Jumanne, vile vile. Redio kaja, kakitolea macho, mtandao chali.

Jumatano akaja na bangili mpya. Chali tena.

Mkwe akawa hali wala halali. Alibadilisha funguo za siri za bomba. Akabadilisha upande wa pili linapotokea, simu yangu ikahama kwenye theluji ikaenda kwenye mvua ya mawe. Akapunguza ukubwa wa vifurushi vya habari vinavyopita ndani ya bomba. Akatafuta kwenye kumbukumbu za ruta, lakini kisanduku kikizima kinasahau yote. Binti yangu akaanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye masanduku, taratibu.

Nikaona vile. Nikakaa nikafikiri.

Nani anakuwepo kila mtandao ukifa?

Redio!

Mwanamke ana jicho la husuda!

Alhamisi nikamngojea mlangoni.

"Shoga, leo hupiti."

"Kwa nini? Una mgonjwa?"

"Nina ruta. Na wewe una jicho."

"Mimi?"

"Umekiua kisanduku mara tatu. Kiache kipumue."

Akavuta midomo. "Wewe bibi umezeeka vibaya. Chai yenyewe maji matupu!" Akageuka, bangili zinalia njia nzima.

Na mnajua nini? Alhamisi mtandao haukukatika hata dakika. Kutwa nzima!

Nikatembea ndani ya nyumba kama mpelelezi. Mkwe akauliza, "Mama, leo umefanya nini tofauti?" Nikamwambia, "Mambo ya wanawake, mwanangu. Wewe lala."

Ijumaa, mkaguzi akaja. Mwanamke wa makamo, miwani mnyororoni, begi jeusi, hacheki. Mkwe kavaa shati la harusi yake, vifungo vinalia.

Nilipowasikia sebuleni, nikafanya ambacho mwanamke yeyote mwenye heshima angefanya. Mgeni kaja, nikakivisha kisanduku nguo.

Wakakaa huko wakizungumza, kompyuta mezani. Mimi chumbani nimenyoosha shingo. Mkwe anaeleza bomba linavyopita, mkaguzi anasema "Mm." Dakika kumi. Dakika kumi na tano.

Kisha kalamu ikawekwa mezani.

"Imekatika," mkaguzi akasema.

Nikashtuka. Redio hayupo! Yuko kwake, kaninunia!

Nikaweka mkono juu ya kisanduku.

Wallahi, pasi ya mkaa ina afadhali.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jicho halikuwa la Redio. Nilikuwa nakipika kisanduku mimi mwenyewe, ndani ya blanketi, mara ya nne sasa.

Nikasikia nyayo zinakuja. Nikakivua ile nguo, nikaitupa kitini, nikaikalia. Moto ukaniingia mpaka kwenye mifupa, lakini nilitabasamu.

"Karibuni, karibuni."

Mkaguzi akakitazama kisanduku, taa zote zimezima. Akamgeukia mkwe. "Sababu?"

Mkwe akaanza kukagua nyaya moja moja. Binti yangu kasimama nyuma yake, kashika mlango.

"Kuna daftari la mjaribu?" mkaguzi akauliza.

Loo! Daftari!

"Limepotea," nikasema.

"Hilo hapo mezani, mama," akasema mkwe. Ndiyo shida ya mtu mwenye adabu, hajui wakati wa kunyamaza.

Mkaguzi akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Jumatatu. Redio kaja. Nimekivisha nguo ya wageni. Kikombe cha pili mtandao umekufa. Redio ana jicho.

"Jumanne. Kaja. Nimekivisha. Umekufa. Jicho, bila shaka.

"Jumatano. Kaja na bangili. Nimekivisha. Umekufa mapema kuliko jana. Bangili nazo zina jicho.

"Alhamisi. Nimemfukuza Redio. Hakuna mgeni, hakuna nguo. Mtandao mzima kutwa. Nimeshinda."

Akafunga daftari polepole.

"Bibi. Hiyo nguo iko wapi?"

Nikainuka nusu, nikaivuta. Bado ya moto.

Binti yangu ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mkwe akawa ananitazama kama mtu aliyeibiwa na mama yake mzazi.

"Mama... ulikuwa umeandika yote?"

"Si uliniambia niandike? Wewe ulilifungua lini hilo daftari?"

Akaanza kuchezea kifungo cha shati. Kumbe alinipa daftari ili nitulie tu!

Wakati tunabishana, kisanduku kikapoa. Taa moja ikakonyeza. Ya pili. Mkaguzi akatazama saa yake, kisha kompyuta.

"Nani amegusa?"

"Hakuna," akasema mkwe.

"Bomba limejifungua lenyewe?"

"Hufanya hivyo kila mara."

Mkaguzi akavua miwani. "Ruta za kwetu zikizima kwa joto, lazima fundi aende nyumbani kwa mteja. Hii imepikwa mara nne, na mara zote imefufuka na kutafuta njia yake yenyewe. Na kila kukatika kuna sababu, tena kwa mwandiko mzuri." Akanitazama. Mdomo ukamcheza. "Tunaichukua. Na daftari nalo nalichukua."

Akaichukua na ile nguo.

Jioni masanduku yalirudi juu ya kabati. Mkwe nikamfunga karata tatu mfululizo, hakunung'unika. Kwa Redio nilikwenda na majani mapya ya chai, nikaomba radhi mlangoni kwake mbele ya watu. Alinisimamisha nusu saa nzima kabla ya kunikaribisha. Haki yake.

Miezi mitatu baadaye Redio akaja mbio, kashika karatasi. Kanunua ruta ya ile kampuni, na ndani ya boksi mna maelekezo.

"Shoga, umekuwa maarufu!"

Ukurasa wa kwanza, picha ya ruta imevikwa kitambaa. Cheupe, ua jekundu katikati, matundu mawili ya pembe. Juu yake mstari mwekundu umekatiza. USIFUNIKE.

Ua langu lenyewe! Hata ile petali niliyoikosea wameichora.

Basi wanangu mnaosoma hapa, ukimpa bibi daftari, lisome. Na kabla hujasema jirani ana jicho, kwanza tazama mkono wako ulikuwa wapi.

Simu imerudi kwenye theluji. Nafuma koti.

La kwangu. Si la ruta.