Vua Njumu

Mie kwenye gemu sina huruma, na sioni haya kusema hivyo. Nina saluni Sinza, na wateja wangu wananijua: mtu akishakaa chini ya draya, natoa simu mfukoni, nashuka na parachuti, naua wawili watatu, ndiyo narudi kumfungua rola. Wananiita jambazi. Gemu yenyewe ni ile ya bunduki, mnapigana watu kwa watu kwenye mtandao, kila mmoja na simu yake alipo, na mnasikiana sauti. Anayebaki hai mwisho ndiye kashinda. Kwenye familia yetu wababe tulikuwa watatu: mie, mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Muscat, na binamu yetu mmoja ambaye anaalikwaga hadi kwenye mashindano. Waliobaki, mawifi na mashemeji, wote maboya.

Tulikuwa tunakutana humo kila Jumapili alasiri. Mdogo wangu ndiye aliyeanzisha, kwa sababu ukimpigia simu ya kawaida hana la kusema. Mzima, mzima, basi. Ila mpe bunduki mkononi, ataongea mpaka umwambie anyamaze.

Halafu baba akapata kiharusi. Baba yetu wa Kiwalani, dereva mstaafu, mtu aliyekuwa akicheka jirani wa nyumba ya tatu anasikia. Upande wa kushoto ukalegea, ulimi ukawa mzito, na mwenyewe akaamua kunyamaza kabisa, maana alikuwa anaona aibu maneno yake yanavyotoka. Siku nzima yuko barazani anaangalia ukuta. Dada wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anakuja nyumbani alituambia mkono utarudi ukitumiwa, na ulimi vilevile. Vikiachwa, basi tena. Akampa kimpira cha kuminya. Baba akakiweka dirishani, kikakaa hapo mpaka kikashika vumbi. Mama alinipigia akiwa jikoni, sauti ya chini ili mumewe asisikie.

"Baba yenu anaondoka huku amekaa," akasema.

Mdogo wangu ndiye aliyetaka tumwingize baba kwenye gemu. Nikamwona kachanganyikiwa. Lakini aliponieleza nikaelewa: kwenye ile gemu, mtu wako unamtembeza kwa kidole gumba cha kushoto, na hicho hasa ndicho tulichotaka kifanye kazi. Jumapili nikaenda Kiwalani, nikamshikisha baba simu, nikamvalisha hedifoni. Aliposikia sauti ya mwanawe kutoka Muscat inasema shikamoo baba, akakaa wima. Midomo ikahangaika. Kisha akajibu marahaba. Ilitoka imepinda, lakini ilitoka, na mie nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili asione macho yangu.

Sasa shida ikaanza. Sie watu tuna adabu zetu, kila anayekutana na mzee humo anamwamkia, na baba si mtu wa kuacha shikamoo inaning'inia. Anasimamisha kidole, anaukusanya ulimi, anaitafuta marahaba, na kabla hajaipata binamu keshamlipua. Binamu anaomba radhi, anasema kidole kimezoea. Raundi inayofuata, yale yale. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa kila raundi, halafu anabaki kutazama wenzake wakicheza. Haikuchukua muda akavua hedifoni, akaiweka simu dirishani, pembeni ya kile kimpira. Roho iliniuma sana. Nilijua na hiyo simu ikishashika vumbi, baba tumempoteza.

Tukajadiliana kwenye kikundi cha familia. Binamu akataka vyumba viwili, wababe kwao, maboya kwao. Tukajaribu. Lakini mdogo wangu anakaa na wababe, na baba alikuja humo kwa ajili ya sauti ya mwanawe, wala si kwa ajili ya bunduki. Akawekwa na mashemeji, hata kufungua kinywa hakufungua. Shemeji mmoja akasema basi, tumwachie ashinde. Nikabisha, mie simwachiagi mtu, lakini wakanizidi kura. Kwa hiyo Jumapili ile nimekaa naye barazani bega kwa bega, kila mtu na simu yake, na kwenye gemu nimemsimamisha mtu wangu mlangoni mwa kibanda kama mlinzi aliyesinzia. Baba akaja polepole, anayumba kushoto, anayumba kulia. Akaniona. Hakupiga. Aliishusha simu, akanigeukia, akanitazama usoni, kisha akasema neno moja moja.

"Mie bado mzima. Mbona unanizika?"

Machozi yakanitoka na hasira zikanipanda kwa pamoja. Tangu augue hakuwa ametamka maneno mengi kiasi hicho, na yote ya kunigombeza. Nikamwambia basi sema mwenyewe unatakaje, maana tukikupiga unanuna, tusipokupiga unanuna. Mama akanitupia jicho, akasema nina mdomo mchafu. Baba yeye akacheka. Kicheko cha upande mmoja, ila kicheko.

Ndipo akatueleza habari za uwanjani kwao enzi hizo, vipande vipande, mama akimwokotea neno kila alipokwama. Walikuwa wanacheza chandimu, mpira wa mtaani, na kila mtu anakuja alivyo: wachache wana njumu miguuni, wengi peku. Aliyewazidi wenzake hakufukuzwa, wala hakuambiwa acheze taratibu, kwa sababu kumchezea mwanamume mwenzio taratibu ni kumtukana. Aliambiwa vua njumu. Anabaki peku kama wengine, juu ya changarawe, na anacheza kwa nguvu zake zote. Tena ilikuwa sifa. Ukiambiwa vua njumu ujue umeshakuwa mchezaji. Baba anasema yeye aliisubiri sana siku hiyo, na ilipofika alirudi nyumbani nyayo zinavuja damu, akalala bila kuoga kwa furaha.

Ikawa sheria ya chumba chetu. Wababe tunavua: hakuna kofia ya chuma, hakuna fulana ya kuzuia risasi, silaha ni bastola tu, lakini kupigana ni kufa na kupona. Na shikamoo ikishatoka, hakuna kufyatua mpaka marahaba ifike. Binamu alilalamika weee, akasema tunaharibu gemu. Baadaye akaja kukiri kwamba hajawahi kuogopa vile, maana sasa hata shemeji akikubahatisha umekwenda. Mie mwenyewe viganja vilianza kunitoka jasho, kitu nilichokuwa nimeshakisahau.

Na baba akaanza kutuwinda. Siku aliyoniua kihalali, amejibanza nyuma ya gari bovu, nilikasirika kweli, nikarusha kandambili uani. Nadhani ile kandambili ilimfurahisha kuliko ushindi wenyewe. Kidole kilikuwa kinakunjuka kidogo kidogo, na ulimi nao, kwa sababu huwezi kumtambia mtoto wako aliye Muscat huku umenyamaza. Nikifika siku za katikati ya wiki namkuta anafanya mazoezi na kimpira chake. Nampenda baba yangu, lakini sijawahi kumpenda kama nilivyompenda akiwa ananitafuta aniue.

Jumapili moja mama, aliyechoka kutuletea chai na kusikiliza kelele zetu, akasema na yeye apewe simu. Nikampa ya ziada. Hata kutembea alikuwa hajui. Mtu wake kauelekea mti, kaganda. Wababe tukavua kama kawaida. Nikawa namwelekeza mama kugeuka, na katikati ya kumwelekeza nikagundua baba yuko kimya. Nikachungulia simu yake. Kile kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinaburuza kofia ya chuma nje ya begi. Kisha fulana. Kisha ile bunduki kubwa anayoipenda, mpaka akabaki na bastola.

Mdogo wangu akaona kwenye simu yake kule aliko, akauliza baba vipi, umebonyeza kimakosa?

"Sijakosea," baba akasema, na kila neno lilikuwa limenyooka. "Leo mama yenu yumo. Mie navua njumu."

Nilisikia mdogo wangu anavuta kamasi kule Muscat, na mie machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kioo cha simu. Mama, ambaye alikuwa bado anauliza kitufe cha kupiga ni kipi, akakibonyeza, na baba alikuwa ameshafika mbele ya ule mti. Baba akafa wa kwanza, na akacheka mpaka jirani wa nyumba ya tatu akaita kuuliza kuna nini.