Tulivyokwama Juu ya Newtown

Mimi nilijifunza kuendesha gari Ujerumani nilipokuwa mwanafunzi. Mume wangu alijifunza Texas. Tulipohamia Johannesburg kutoka Nairobi mwaka 2016, kila mmoja alikuja na barabara zake kichwani, na gari tulikuwa nalo moja.

Mwalimu wangu wa udereva, mama Mjerumani mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara, alinifundisha kwamba leni ya kasi si mahali pa kukaa. Unaingia, unapita, unatoka. Kwenye barabara kuu za kule, sehemu zisizo na kikomo cha mwendo, gari hutokea kwenye kioo kama nukta, na kabla hujameza mate liko nyuma yako. Sikuogopa. Nilijua kila mtu atafanya nini.

Mume wangu aliona huo ni wazimu. Kwake, leni ukishaichagua ni yako mpaka ufike. Tulipomtembelea dada yake Texas nilielewa alikoitoa tabia hiyo. Mwendo haukuwa wa kutisha, ila watu walipitana kushoto na kulia, na nilimwona mwanamke akila uji kwenye bakuli huku usukani ameubana kwa magoti.

"Huku humtegemei mwenzako," mume wangu aliniambia akicheka. "Kila mtu anajiangalia mwenyewe."

Johannesburg yeye ndiye aliyeendesha. Kila asubuhi alinitoa Midrand tulikoishi hadi benki nilikofanya kazi, Marshalltown katikati ya jiji, nami nilikaa pembeni nikikanyaga breki isiyokuwepo. Nikimwambia aondoke leni ya kasi, aliongeza sauti ya redio. Kufikia robot ya kwanza ya mjini, kama wanavyoita taa za barabarani huko, shingo ilikuwa imenikaza.

Jumamosi moja, mwaka uliofuata, alisafiri. Mama fundi wa Kikongo, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja huko Bertrams, alikuwa amekuja kunipima gauni la harusi ya shemeji yangu. Nikajitolea kumrudisha kwenye kibanda chake Marshalltown. Hatimaye usukani ulikuwa wangu.

Pale barabara kuu inapopanda kama daraja juu ya mtaa wa Newtown, ukuta wa zege kila upande, bakkie nyeupe, yaani pikapu, ilikuwa ikijikokota mbele yangu kwenye leni ya kasi. Nikaiwashia taa mara mbili, kama nilivyofundishwa: nipo nyuma, naomba kupita. Taa zake za breki zikawaka. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka tukasimama kabisa katikati ya barabara kuu.

Kulia kwangu ukuta. Kushoto malori yanapita bila mwanya. Nyuma basi limenigandia, linapiga honi. Mwanamume mkubwa aliyevaa kaptura akashuka.

"Unaniwashia taa mimi? Barabara hii ya baba yako?" alifoka kwa Kiingereza, akipiga boneti kwa kiganja.

Nilitaka kurudi nyuma. Basi lilikuwa pale pale. Mguu ukaniteleza kwenye klachi, gari likazima.

"Usifungue mulango, mwana yangu," mama fundi alisema polepole. "Doucement, taratibu. Usimwangalie mu macho."

Akashusha kioo cha upande wake vidole vinne, akamwambia kwa Kizulu, "Uxolo, baba." Samahani, baba. Akarudia. Kisha akaeleza kwamba mimi ni binti yake na bado najifunza kuendesha. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilisikia aibu, na wakati huo huo nilitaka kumshika mkono.

Yule bwana alininyooshea kidole. "Basi mfundishe vizuri." Akarudi garini, lakini hakuondoka. Alikaa tu, akitutazama kwenye kioo chake, nasi tumekaa nyuma yake kama kuku kwenye tenga, hadi aliporidhika.

Jioni nilimpigia mume wangu simu. "Marekani ungepigwa risasi," alisema.

"Ujerumani angenyang'anywa leseni," nikajibu. Hakuniuliza niliendeshaje hadi nyumbani.

Kwa miezi mingi sikugusa usukani. Nikitaka kwenda hata dukani, nilimngoja aamke, avae, atafute funguo. Niliomba kupelekwa kama mtoto. Kwa majirani nilisema macho yananisumbua.

Mama fundi ndiye aliyenitoa. Alikuja na kitambaa kingine, akamaliza kazi, akauliza nani atamrudisha.

"Mume wangu akifika," nikasema.

"Bwana yako atafika saa ngapi? Twende. Tupite njia ya zamani."

Njia ya zamani ina leni moja kila upande. Nikawa nyuma ya lori la mchanga, nimeshikilia usukani, sithubutu kupita wala kuwasha taa. Ghafla dereva akasogea hadi kwenye mstari wa manjano ukingoni, akanipa nafasi.

"Pita," mama akasema. "Sasa umushukuru. Taa za dharura, mara mbili."

Nikazibonyeza. Nyuma yangu lori likapepesa taa zake mara moja, kunijibu. Wala Ujerumani wala Texas sikuwahi kuona madereva wakishukuriana hivyo.

Mwezi uliofuata nilirudi barabara kuu, peke yangu. Juu ya Newtown nilibana pumzi toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake. Bado naibana.