Godauni Lililozidi Hatua Kumi na Moja

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu ya lile godauni dogo la mbao lililo juu ya kabati, ambalo kila mwaka mnaniuliza kwa nini silifanyi kuni. Kaa hapo. Miguu imenichoka, nitasema mara moja tu.

Miaka hiyo ya hamsini tuliishi landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Voi. Baba yangu alikuwa mtu wa genge, wale wa kupiga nyundo juani kutoka Voi mpaka Maungu, na mgongo ulikuwa umeanza kumuuma. Lakini mikono yake ilikuwa ya seremala. Bwana stesheni alikuwa na treni ndogo ya kutia ufunguo, imekaa mezani kwake na reli yake, bila hata nyumba moja. Akamwambia Baba, "Nijengee Voi hapa. Mkubwa wa karakana anakuja Jumamosi. Akiipenda, nitamwomba akutoe kwenye nyundo akuweke kwa maseremala." Mama aliposikia alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja.

Tulijenga kwa takataka. Kuta ni mbao za masanduku ya chai. Nguzo ni shina la ua la mkonge, lile refu; likikauka ni jepesi, unalikata kwa kisu kama muhogo. Bati ni ile karatasi ya kung'aa ya paketi za sigara: unailaza juu ya meno ya kitana, unapitisha ukucha, inatoka na mikunjo kama bati la kweli. Kazi hiyo ya bati ilikuwa yangu, na hakuna aliyenishinda. Hata leo nasema hivyo.

Kipimo kilikuwa miguu ya Baba. Yeye anatembea kando ya jengo, mimi nahesabu. Hatua yake moja, mezani ni nusu njiti ya kiberiti. Tukapima stesheni, tukapima tangi la maji. Likabaki godauni la mizigo. "Kesho jioni tutaenda pamoja," akasema, akinyoosha mgongo kwa shida.

Mimi sikungoja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sifa zilikuwa zimenijaa kichwani. Nikaenda peke yangu, nikatembea kwa vijiguu vyangu: thelathini na moja. Baba aliporudi kutoka kazini nikamwambia, "Nimeshahesabu hatua zako, thelathini na moja. Asubuhi ulipopita pale nilikuwa nyuma yako." Hakuuliza zaidi. Aulize nini? Mimi ndiye niliyekuwa mhesabu wake.

Jumamosi asubuhi, kabla mgeni hajafika, akainama mezani.

"Mghoi, mbona godauni limesogelea kona ya reli hivi?"

"Ndivyo lilivyo, Baba."

"Una hakika?"

"Zilikuwa hatua zako."

Msumeno ulikuwa pale pale, karibu na mkono wake.

Mkubwa wa karakana akaja, mtu mnene, kofia mkononi. Akaisifu stesheni, akagusa bati zangu kwa kidole. Bwana stesheni akatia ufunguo. Treni ikapita tangi, ikapita stesheni, ikafika konani ikagonga godauni, ikalala ubavu, magurudumu yakizunguka hewani kama miguu ya mende. Yule mtu akacheka mpaka akashika tumbo. "Fundi, wewe unajenga nyumba juu ya njia?"

Baba akanitazama. Mara moja tu. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Ni kosa langu, bwana," akasema. "Nilipima mimi."

Tulirudi kwa miguu, godauni amelibeba kwapani. Tulipofika kwenye lile kubwa, la kweli, akasimama. "Hesabu." Akatembea mwanzo mpaka mwisho. Ishirini. Akarudi, polepole. Ishirini. Kisha akaitazama miguu yangu.

"Zile thelathini na moja zilikuwa za nani?"

"Zangu."

Hakunipiga. Heri angenipiga. "Kupima vibaya ni utoto," akasema. "Hata mimi nimeharibu mbao ngapi. Lakini leo asubuhi nilikuuliza mara mbili, Mghoi. Ule ni ubao tu. Ningeukata."

Jumatatu akabeba nyundo yake akarudi njia ya Maungu. Akaipiga miaka mingine minane. Huyo Baba mnayemwona kwenye picha ukutani, amekunjika kama anatafuta kitu chini, mnadhani ni uzee. Si uzee. Ni mimi.

Nimezaa, nimezika, nimeisimamia nyumba hii ikijengwa kwa kamba ya kupimia na macho yangu, na fundi aliyejaribu kunidanganya kipimo nilimfukuza na ndoo yake. Hayo yote, na bado lile godauni linaniangalia nikisali.

Basi sikia. Kukosea utakosea, usijisumbue na hilo. Ila ukiulizwa, sema msumeno ukiwa bado karibu, kabla mtu anayekupenda hajajitwika kosa lako mbele za watu. Ukishamwacha alibebe, huwezi tena kumtua.

Mungu akuwekee mgongo ulionyooka mpaka mvi, mwanangu, na usiupinde wa mtu mwingine. Sasa nipe mkono niinuke. Na hilo godauni lirudishe juu ya kabati, mlango uangalie kitanda changu.