Nguzo za Kiwanja cha Raga

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Rajabu nilifiwa na mume wangu. Siku hiyohiyo, kabla hajatolewa kwenda kuzikwa, watu waling'oa nguzo nne za kiwanja chake cha raga hapa kijijini Kanga wakasimamishia turubai la msiba. Sikuwazuia. Waombolezaji walihitaji kivuli. Lakini matanga yalipoondolewa, nguzo hazikurudi kiwanjani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alizichukua akajengea banda la kukaushia mbata.

Nilikuwa edani, na mwanamke wa eda hatoki. Nilikaa dirishani nikayatazama mashimo ya nguzo kule kiwanjani.

Kilichoniudhi zaidi ni maneno. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, wakisubiri chai ya khitma, wanawake walisema raga ndiyo iliyomuua.

"Wanaume wazima wanagombania nazi!" alisema mmoja, wenziwe wakacheka wameziba midomo kwa kanga.

Nazi! Mume wangu alikufa kwa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na tangu masika yaliyotangulia hakukimbia tena. Alisimama pembeni na filimbi yake. Sisemi mchezo ule hauumizi. Ulimtegua bega, na mimi ndiye niliyelikanda kwa maji ya moto. Lakini bega si moyo, na kumsingizia maiti ni dhambi hata kama chai imechelewa.

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, ila raga naijua. Yeye alijifunza Dar es Salaam alipokuwa mlinzi wa kiwanja, na aliporudi alinifundisha mimi kwanza, uani, kwa nazi isiyofuliwa, maana mpira wenyewe ni mrefu, umechongoka ncha mbili. Unaushika mkononi unakimbia nao. Ukitaka kumpa mwenzako, humrushii aliye mbele yako. Unamrushia aliye sambamba nawe au aliye nyuma.

"Mtu anataka kwenda mbele halafu anatupa nyuma? Una wazimu wewe," nilimwambia.

"Mbele unaupeleka kwa miguu yako, mke wangu. Kwa mikono ni nyuma tu."

Ukivuka mstari wa mwisho wa wapinzani, kufika peke yake hakutoshi. Lazima uuguse mpira chini, mkono wako ukiwa juu yake, ndipo mnapata pointi tano. Kisha mmoja wenu anaupiga kwa mguu, na ukipita katikati ya nguzo mbili, juu ya mti wa kulala unaoziunganisha, mnaongeza mbili. Sasa bila nguzo utaupitisha wapi? Mwenye mpira unaruhusiwa kumkamata na kumwangusha, lakini chini ya mabega. Ukimshika shingo, filimbi inalia. Asiye na mpira hakamatwi. Huko ndiko kupigana? Kwenye harusi zetu watu wanasukumana zaidi wakigombania pilau.

Baada ya Idi vijana aliowafundisha raga walikuja mlangoni kunipa mkono wa sikukuu. Walisema wanacheza bila nguzo, na kila juma mmoja wao anaacha kuja. Niliona wazi kwamba kazi ya mume wangu nayo inakwenda kuzikwa. Nikaagiza shemeji aitwe. Alisimama nje, mimi nyuma ya pazia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Unga umekwisha?"

"Nataka nguzo za mume wangu."

Akacheka. "Na eda yako hiyo? Utawachezesha vijana ukiwa dirishani? Shemeji yangu amekuwa refa!"

"Zirudishe."

"Mchezo ule umeniulia ndugu yangu. Nilimwona kwa macho yangu, yuko chini, watu wamemlalia."

"Ulimwona mara ngapi?"

"Mara moja. Nilikuwa napita na baiskeli."

"Ungesimama ungemwona akiinuka."

Hasira ikanipanda, mimi ambaye sijawahi kumpazia sauti. Nikamwambia sheria ambayo marehemu aliirudia kuliko zote: ukiangushwa, unauachia mpira papo hapo. Na aliyekuangusha naye anakuachia papo hapo, uweze kuinuka. Asipokuachia, kosa ni lake.

"Ndugu yako ameshalazwa kaburini, shemeji, na bado mmemshika. Kila khitma mnamshika. Mwachieni!"

Nilisikia kandambili zake zikienda.

Baada ya swala ya alasiri alirudi na nguzo mbili juu ya mkokoteni. Mbili nyingine zimebeba banda, alisema, na mbata bado mbichi.

"Nizisimamishe wapi?"

"Mashimo yapo. Toa mchanga tu."

Dirishani nilimwona akichimba, kanzu ameikunja kiunoni, vijana wakimshikia nguzo zisimame wima. Mti wa kulala hakuuleta. Walifunga kamba ya makumbi ya nazi kutoka nguzo moja hadi nyingine, ikalegea katikati, wakaivuta tena.

Kisha shemeji akaja mlangoni, mikono imejaa mchanga, akauliza mpira wa ndugu yake uko wapi. Ulikuwa chini ya kitanda changu. Niliutoa, nikaufuta vumbi, nikauweka kizingitini, nikarudi nyuma ya pazia. Akauchukua.