Gobo la Fusae

Kwetu bondeni, ukifungua mlango asubuhi unakuta mboga kizingitini, na aliyeziweka hakubisha hodi wala hakuacha jina. Figili nyeupe zenye udongo bado, mchicha uliofungwa kwa kamba ya majani ya mpunga. Huulizi. Ukiangalia fundo tu unajua: hili la fulani, mvivu wa kukaza, hili la Fusae, kakaza mpaka utafute kisu. Ee, Fusae! Mwaka huu mara nyingi nimefungua mlango nikalitafuta fundo lake kwa macho, kisha nikakumbuka kuwa tulimzika miti ya plamu ilipokuwa inachanua.

Aliacha mume, Eikichi. Huyu bwana alipeleka barua bondeni humu tangu kijana hadi kustaafu. Mlango wa kila mtu anaujua, mbwa wa kila nyumba wanamjua, lakini jikoni kwake mwenyewe alikuwa mgeni. Alipofiwa akawa anakula wali na yai, wali na yai, mpaka mashavu yakabonyea. Mboga tulizomwekea zilinyauka pale pale kizingitini. Binti yao Chinatsu, anayekaa Nagoya, akapiga simu akasema basi, imetosha: mpunga ukishavunwa anakuja kufunga nyumba na kumchukua baba yake.

"Nikakae ghorofani nikitazama magari?" Eikichi aliniambia, uso umemwiva. "Masue, mimi nafia hapa hapa. Nimemwambia, nikikupikia chakula cha mama yako ukaridhika, uniache. Amekubali."

"Na wewe unajua kupika nini?"

"Si ndiyo maana nimekuja."

Akatoa nyuma ya mgongo kitu cheupe, chembamba kama penseli. Nilikitazama nisikielewe. Lilikuwa gobo, lile lile nililomwekea mlangoni jana yake, mzizi mweusi mrefu kama fimbo. Alikuwa amelimenya kama karoti, tena na tena, kisha akalilaza majini usiku kucha liwe jeupe zaidi.

"Nimelitakasa," akasema kwa fahari.

"Umeliua! Mzee mzima! Harufu yote ya gobo iko kwenye ngozi, wewe umeitupa, umeniletea mpini."

"Lilikuwa na tope."

"Limetoka ardhini, ulitaka liwe na nini, marashi?"

Nikamkokota mpaka jikoni kwa Fusae. Sikuwa nimeingia humo tangu msiba. Aproni yake bado ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, na roho iliniuma vibaya. Miaka yote nilimsikia kila alfajiri kupitia ua, kisu chake juu ya ubao, tok-tok-tok, nami ndipo naamka kuwasha jiko langu. Siku hizi naamshwa na kunguru. Nikajifuta macho haraka, nikamkaripia Eikichi ashike kisu vizuri. Nikamfundisha kulikwangua gobo kwa mgongo wa kisu, udongo utoke, ngozi ibaki. Kulichovya majini kidogo tu. Kulikaanga na karoti kwa mafuta ya ufuta, moto mkali, kisha sukari kiasi, sosi ya soya na pilipili.

"Kata kama njiti za kiberiti," nikamwambia.

"Hapana. Vyembamba zaidi. Fusae alikata kama uzi."

"Uzi? Nani anakata gobo kama uzi?"

"Mke wangu. Aliyekuwa anakula ni nani, wewe au mimi?"

Nikamwachia ubao akate atakavyo. Alijikata vidole, akaunguza sufuria, akanuna, akarudia. Mwishowe zikatoka nyuzi za gobo ambazo hata mimi nilizionea wivu.

Chinatsu alifika mpunga ukiwa umeanikwa mashambani. Begi kubwa tupu, la nguo za baba yake, aliliacha mlangoni. Eikichi akaandaa wali, supu ya figili, na gobo katikati. Nami niliitwa, nikaenda na bakuli langu la maharage. Chinatsu akaonja, akatafuna, akaweka vijiti chini.

"Tamu, Baba," akasema taratibu. "Lakini hii si ya Mama."

Eikichi akawa kama kapigwa kofi. "Si ya mama yako kivipi?"

"Mama alikata vinene, kama kidole changu. Nilikuwa natafuna mpaka taya zinauma, wewe unanicheka."

"Muongo we! Nimekula chakula cha mama yako mpaka siku aliyoanguka. Kama uzi!"

"Unaona, Baba? Umeanza kusahau. Ndiyo maana nasema huwezi kukaa peke yako."

Mzee akafungua mdomo ajibu, meno yake ya bandia yakateleza, akayasukuma kwa kidole gumba kama kawaida yake. Nikayatazama yale meno.

"Chinatsu, mwanangu," nikauliza, "ulipoolewa ukaondoka hapa, baba yako alikuwa na meno?"

"Meno? Yote! Alikuwa anafungulia chupa za bia."

Eikichi akashika taya lake. Meno yalimtoka moja moja, mwaka baada ya mwaka, na kila jino lilipotoka, gobo lilikonda kidogo sahanini, naye asijue. Na mimi niliyekuwa nasikiliza kile kisu alfajiri nilidhani Fusae amezeeka tu, ndiyo maana anachelewa kumaliza.

"Hakuniambia," akasema.

"Angekuambia nini? Kwamba umekuwa kibogoyo?" nikamwuliza.

Akacheka, kisha akalia waziwazi, kamasi na vyote. Alipotulia akainuka akaenda jikoni. Tukasikia kisu juu ya ubao, tok, tok, polepole. Chinatsu akafumba macho akisikiliza. Mzee akarudi na sahani nyingine, vipande vinene vyeusi vinavyofuka moshi, akaiweka mbele ya binti yake.

"Hivi vyako," akasema. "Wewe una meno."

Chinatsu akala huku machozi yanamtiririka, anatafuna mpaka tunamsikia. Akala vyote. Kisha akaichukua ile sahani ya kwanza, akaisogeza kwa baba yake.

"Na hivi vyako, Baba. Kaa ule hapa hapa, nyumbani kwa Mama."

Nikaaga. Eikichi akanirudishia bakuli langu mlangoni, kando ya lile begi tupu, na kama ilivyo kwetu hakulirudisha bure: ndani alikuwa ametia gobo, la nyuzi. Nami pia nimezeeka.